Skrubu ya kizito imekatikia ndani ya kichwa cha draiva ya gofu, naitoaje bila kuua hesi (meno ya tundu)?

MchangaWaNyali

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada wa kiufundi.

Draiva yenyewe, ile fimbo ya gofu ya kupigia mbali, ina bodi ya titani na mfuniko wa juu wa kaboni. Nyuma ya soli (upande wa chini wa kichwa) kuna kizito cha gramu 10 kinachoshikwa na skrubu ya M5, kichwa cha nyota T25. Katika kuifungua, kichwa cha skrubu kimekatika. Kizito kimetoka chenyewe, ila shina la skrubu limebaki ndani. Halijachomoza hata kidogo, limezama kama nusu milimita chini ya sakafu ya tundu, kwa hiyo koleo halina pa kushika. Uso wa mkato una rangi ya kahawia. Fimbo inatumika pwani, chumvi ya hewani haiishi.

Vifaa vilivyopo: drili ya mkono inayodhibiti kasi, seti ya ekstrakta (vyombo vya kutolea skrubu iliyokatika) za bei rahisi, zile zilizochongoka zenye mkunjo, mafuta ya kupenyeza, jiliwa, na mtungi mdogo wa gesi wa kuchomelea mabomba.

Nataka kujua: nipashe moto kwa gesi kwanza au nitoboe moja kwa moja? Ekstrakta ya saizi gani kwa M5? Na nikitoboa, nijuaje kwamba sijafika ndani ya kichwa?

FundiJiliwa

Mkuu, huo mtungi wa gesi urudishe stoo. Mfuniko wa kaboni umegandishwa kwa epoksi, na gundi hizo huanza kulegea karibu na nyuzi 100. Moto wa gesi unafika huko ndani ya sekunde chache, na titani haisambazi joto vizuri, kwa hiyo sehemu moja inaungua wakati sentimita tatu pembeni bado pa baridi. Utapata skrubu, utapoteza kichwa.

Kabla ya kutoboa kuna mambo mawili ya kuyajua.

Kwanza, kilichoshika ni nini? Skrubu za vizito mara nyingi hutoka kiwandani na tone la gundi ya hesi, ile ya kuzuia skrubu isilegee. Wewe una kutu juu ya gundi. Chuma cha kawaida kikikaa ndani ya titani kwa hewa ya chumvi, chuma ndicho kinacholiwa, titani haiguswi. Kutu ile inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo inajaza meno ya hesi na kubana kama kabari. Mafuta ya kupenyeza yanasaidia kwenye kutu ila gundi hayaiyeyushi. Gundi inataka joto.

Pili, shina ni la chuma gani? Weka sumaku kwenye kile kichwa kilichokatika. Ikinasa, ni chuma cha kawaida au stenlesi ya aina fulani. Isiponasa, ni titani au stenlesi nyingine. Kisha kipitishie tupa. Tupa ikila, kazi ni nyepesi. Ikiteleza juu juu, skrubu ni ngumu, na biti za kawaida zitaishia kuung'arisha tu uso wake. Hapo unahitaji biti za kobalti.

Joto salama lipo: solda ya umeme ya wati 60, ile ya mafundi redio. Ncha yake iguse shina tu kwa sekunde 30 hadi 40, kitambaa chenye maji kikiwa kimezungushwa kwenye mfuniko wa kaboni. Joto linaingia kwenye skrubu yenyewe bila kupita kwenye kichwa kizima. Futa mafuta yote kwanza, mvuke wake unawaka. Acha hadi kuwe na uvuguvugu, ndipo utie matone mawili matatu ya mafuta ya kupenyeza. Shina likipoa linasinyaa kidogo na mafuta yanavutwa chini. Rudia mara tatu au nne, kisha lala nalo, soli ikiangalia juu. Kipimo changu cha joto ni kiganja: ukishika mfuniko sekunde tatu ukatamani kuachia, umezidisha.

Wengine wanachanganya asetoni na mafuta ya gia otomatiki nusu kwa nusu. Yanapenya vizuri sana. Lakini asetoni inakula rangi ya soli na vanishi ya kaboni, kwa hiyo kama unayatumia, yatie kwa ncha ya sindano.

KediMkongwe

Kwani si umpelekee fundi welda akuchomelee nati juu ya shina? Joto la kuchomea lenyewe linalegeza, unashika nati kwa spana, unazungusha, kwisha. Blok za injini zinatolewa hivyo kila siku.

BiKereza

Kwenye bloku ya injini sawa kabisa. Hapa hapana, kwa sababu tatu. Shina limezama, kwa hiyo welda lazima ajaze madini ndani ya tundu la milimita tano, na tone moja likigusa ukuta wa titani limeshika huko huko. Chuma na titani zikiyeyuka pamoja hutoa kiungo kigumu chenye kukatika kama kioo, kwa hiyo hata hiyo nati haitadumu. Na ukuta wa bodi ya draiva una sehemu zenye unene wa chini ya milimita moja. Kule bloku ya injini ni kilo nyingi za chuma, huku kichwa kizima kina gramu 200 hivi.

MchangaWaNyali, tatizo lako kubwa ni kupata katikati. Wanaoharibu hesi karibu wote hawaharibu kwa ekstrakta, wanaharibu kwa tundu lililokwenda kombo. Uso uliokatika una vilima na mabonde, biti ya milimita 2.5 inateleza kutoka kwenye kilima na kuangukia pembeni, na ukishaanza pembeni hurudi tena. Panchi ya kati nayo haisaidii sana ukiwa umezama ndani ya tundu, jicho linadanganya. Tena kugonga kwa nyundo juu ya tundu lililoshikiliwa na ukuta mwembamba ni kuuomba ufa.

Tumia tundu lenyewe kama kiongozi. Kama ni la duara, limetengenezwa likizunguka mhimili uleule wa skrubu. Lipime kwa kalipa, mpe fundi wa kukereza kipande cha shaba ya njano, akukereze bushi inayoingia humo bila kucheza, pungufu ya milimita 0.05 kuliko tundu, urefu milimita 15. Zitengenezwe mbili. Ya kwanza iwe na tundu la milimita 4 katikati, ya pili milimita 2.5. Ni kazi ya chini ya saa moja kwenye mashine ya kukereza.

Ya kwanza ni ya kusawazisha uso. Chukua biti chakavu ya milimita 4, isage ncha yake iwe bapa, uipitishe kwenye bushi, na ule polepole hadi mkato wote ung'ae. Ya pili ndiyo ya kutobolea. Biti haina pa kukimbilia.

Tundu lisipokuwa la duara (mengine yana umbo la yai au pembetatu) tumia kizito chako. Kina tundu la skrubu katikati, karibu milimita 5.2, na kinakaa palepale kilipowekwa na kiwanda. Kikerezewe kibomba kidogo cha shaba, nje milimita 5.2 na ndani 2.5, ukitumbukize katika kizito, na kizito ukirudishe tundumo. Kizito kimekuwa kiongozi. Angalia tu usikitoboe chenyewe: vile vizito vidogo vilivyo vizito kupita umbo lake ni aloi ya tangisteni, vinaua biti.

MchangaWaNyali

Asanteni sana. Majibu ya vipimo: sumaku inanasa, tupa inakula ila kwa tabu. Tundu ni duara, milimita 12.4. Bushi nimeshaagiza zote mbili.

Sasa nashikaje kichwa kwenye jiliwa? Kina umbo la embe, kila upande ni mviringo. Na tafadhali nipeni mtiririko wa biti na saizi.

FundiJiliwa

Sumaku ikinasa na kutu ya kahawia ikiwepo, hiyo ni skrubu ya chuma kilichotiwa ugumu. Nunua biti za kobalti, na kama zinapatikana, ziwe za kushoto, yaani zinazokata drili ikizunguka kinyume. Hizi ndizo dawa. Biti ya kulia inapokata inaikaza skrubu, ya kushoto inapokata inaifungua. Mara nyingi shina linapanda lenyewe juu ya biti kabla hujaigusa ekstrakta.

Kushika. Jiliwa lisiguse kichwa, meno yake yakibana soli na mfuniko, kaboni inapasuka bila hata kutoa sauti. Vua kichwa kwenye shafti (mpini wa fimbo) kwanza. Kifunge kwa nailoni nyembamba ya jikoni tabaka mbili, weka mfuniko ukiangalia chini ndani ya kopo la plastiki, kisha mimina plasta ya jasi ile ya dari mpaka ifike nusu ya kimo cha kichwa. Ikikauka una kitanda kinachobeba kila nukta ya mfuniko. Kopo ndilo linalobanwa. Hakikisha umelipanga ili mhimili wa skrubu uwe wima. Ingiza biti ndefu kwenye bushi, iangalie kwa pembe mraba kutoka pande mbili, sogeza kichwa kabla plasta haijashika. Ukiweza kuazima drili ya kusimama, azima. Drili ya mkono inawezekana kwa sababu ya bushi, ila uzito wa mkono wako wote unakaa kwenye kitu chenye kipenyo cha milimita mbili na nusu.

Kina. Pima skrubu mpya. Toa unene wa kizito inachopita, utapata urefu wa sehemu inayoingia kwenye hesi. Mara nyingi ni milimita 6 hadi 8. Toa ile nusu milimita uliyozama na kile ulichosawazisha. Weka alama ya tepu kwenye biti, ukihesabu na kimo cha bushi, na usiivuke. Tundu la kizito kwa kawaida limeziba chini. Ukilitoboa, vinyweleo vya chuma vinaingia kwenye bodi na draiva itacheza kayamba kila ukiinua, na maji yatapata mlango.

Kasi. Mizunguko 600 hadi 900 kwa dakika kwa biti ya 2.5. Bonyeza kwa uthabiti, biti iwe inakata muda wote. Ukiiacha isugue bila kukata, uso unazidi kuwa mgumu. Tone la mafuta ya kukatia chuma kila milimita moja, toa biti, futa vinyweleo, rudi. Vinyweleo vikitoka vya rangi ya fedha vinavyong'aa tofauti na vya mwanzo, simama: umegusa titani. Na vinyweleo vya titani usivirundike karibu na cheche. Vinawaka vikali na maji hayavizimi, ni mchanga mkavu tu.

Ukimaliza kina kwa 2.5 na shina halijatoka, ingiza solda ndani ya tundu jipya sekunde 40. Sasa joto linatokea katikati ya shina, gundi inapata inachostahili. Jaribu tena biti ya kushoto, ya milimita 3 safari hii, kasi ya chini kabisa.

Bado? Ndipo ekstrakta. Zile zako zilizochongoka zenye mkunjo ziache. Zinafanya kazi ya kabari, kadiri unavyozungusha zinalitanua shina na kulibana zaidi kwenye hesi. Kwa M5 iliyotobolewa, ukuta uliobaki ni mwembamba, unatanuka kirahisi. Tafuta ekstrakta zilizonyooka zenye mbavu. Kama hazipatikani, chukua biti ya nyota T15: ncha zake zina upana wa milimita 3.3 hivi, kwa hiyo tundu la milimita 3 linaikubali kwa kubana. Isukume kwa jiliwa au kwa mkono wa drili ya kusimama ikiwa imezimwa. Nyundo isiingie hapa.

Zungusha kwa kishikio cha tapu (chombo cha kuchongea hesi) cha mikono miwili, si spana ya upande mmoja. Spana inapinda, na kinachopinda kwa saizi hii kinakatika. Ukihisi chombo kinajisokota kama mpira huku shina limetulia, acha. Ekstrakta iliyokatikia ndani ni ngumu kuliko biti yoyote uliyonayo, na hapo umebakiwa na mashine ya kutoboa kwa cheche za umeme. Watengeneza kalibu za plastiki wanazo, na watakutoza kama watengeneza kalibu.

Hatua ya mwisho, kama vyote vimegoma: panua kwa bushi, 3.5 halafu 4.0. Usifike 4.2. Shina la M5 chini ya meno yake lina milimita 4 hivi, kwa hiyo ukiwa katikati kweli, kinachobaki ni msokoto mwembamba wa meno kama springi ya kalamu. Uchokonoe kwa sindano ngumu, uvute kwa koleo la mdomo mrefu. Kisha tapu ya M5 ya hatua 0.8, ile ya mwisho yenye ncha bapa, nusu mzunguko mbele, robo nyuma.

Shimo19

Jamani, kuna njia ya shabu ambayo hakuna aliyeitaja. Shabu hii hii ya kinyozi na ya kutuliza maji. Unaiyeyusha kwenye maji ya moto mpaka isiyeyuke tena, unaloweka, inakula chuma na kuacha metali nyingine. Mafundi saa wanatoa skrubu zilizokatika kwenye shaba kwa njia hiyo. Hakuna kutoboa, hakuna kombo.

BiKereza

Ni kweli kwa saa, na kwa chuma kilichokatikia ndani ya alumini pia. Ila tazama masharti. Maji yawe karibu na kuchemka muda wote, yakipoa kazi inakaribia kusimama. Skrubu ya saa ni nyembamba kama unywele, inachukua saa kadhaa. Ya M5 ni siku, na kila mara unaondoa viputo vilivyoganda juu yake. Kichwa chenye mfuniko wa kaboni huwezi kukichemsha siku mbili, tumeshasema gundi inaogopa nini. Halafu skrubu ikiwa ya stenlesi, shabu haina habari nayo.

Mahali ambapo shabu ingekuwa na maana kwenye gofu ni bushi ya alumini iliyo mwishoni mwa shafti, skrubu ya shingo ikikatikia humo. Hata hapo, bushi mpya ni nafuu kuliko gesi utakayounguza.

KediMkongwe

Hiyo ya shingo ifafanueni, maana ndiyo inayoletwa zaidi. Watu wanachanganya skrubu mbili hizi.

BiKereza

Zinatofautiana sana, na kosa linaanzia hapo. Skrubu ya kizito, hesi yake imo kwenye kichwa. Skrubu ya shingo inapita chini ya kichwa, upande wa kisigino, inapanda na kuingia kwenye bushi ya alumini iliyogundishwa kwenye ncha ya shafti. Hesi imo kwenye bushi. Kwa hiyo ikikatika shingo, kichwa kiko huru: vuta shafti, inatoka, na kipande kimebaki kwenye bushi. Hakuna sababu yoyote ya kutoboa kichwa. Watu wanapeleka draiva kwa fundi, anaanza kutoboa kutoka chini ya soli, anapanua kiti cha skrubu, na baada ya hapo kichwa hakikazi tena hata kwa skrubu mpya.

Kama shafti haitoki baada ya skrubu kukatika, ni chumvi imeganda kati ya bushi na shingo. Hita ya kukaushia nywele dakika mbili, mafuta kidogo juu penye pete, kisha vuta kwa kunyoosha. Usizungushe, bushi ina meno ya kupangia pembe na shafti ya kaboni inachanika kwa kusokotwa.

Kipande kwenye bushi: kikiwa kimechomoza milimita mbili, koleo la kujifunga na umemaliza. Kikiwa kimezama, usipoteze siku. Alumini ni laini, skrubu ni ngumu, biti itakimbilia kwenye alumini hata ukiwa na mkono wa daktari. Badilisha bushi. Pasha bushi kwa hewa moto, si kwa moto wa wazi, ivute moja kwa moja, safisha ncha ya shafti bila kusugua nyuzi za kaboni, paka epoksi ya shafti, ipe saa 24. Ncha ya shafti ya draiva ni inchi 0.335, yaani milimita 8.5, na ya mahuluti mengi (fimbo za haibridi) ni 0.370, milimita 9.4. Agiza kwa saizi hiyo na kwa modeli ya kichwa. Bushi za TaylorMade, Callaway, Titleist, PING na Cobra haziingiliani, na hata ndani ya kampuni moja vizazi vinaweza kutofautiana.

Skrubu nayo iwe ya modeli hiyo hiyo. Ikiwa ndefu kwa milimita moja tu, inagonga mwisho wa hesi kabla haijabana kichwa. Funguo inalia "tak", unaamini imekaza, na kichwa kinacheza.

Kuna nyingine ambayo haijakatika ila kichwa chake cha nyota kimelika. Hiyo ni mbaya kuliko iliyokatika, kwa sababu bado imeshika. Safisha uchafu kwanza kwa sindano, mara nyingi T25 haikuwa imekaa mpaka chini, au mtu alitumia T20. Ikigoma, toboa kichwa cha skrubu kwa biti iliyo kubwa kidogo kuliko shina, mpaka kichwa kitengane. Mvutano wote unaisha, shafti inatoka.

Bogi_Mara_Mbili

Swali la pembeni. Jumamosi kuna mashindano. Anaweza kucheza bila hicho kizito?

FundiJiliwa

Asianze raundi na tundu tupu, atakuwa anajitafutia mjadala na kamati. Na hata mazoezini haina faida. Gramu 2 kwenye kichwa zinabadilisha uzito wa mpigo (jinsi fimbo inavyohisiwa nzito ukiizungusha) kwa pointi moja hivi, kwa hiyo kukosa gramu 10 ni pointi tano. Ile si draiva yake tena. Na kizito kikirudi, asikiguse kati ya shimo la kwanza na la mwisho. Sheria ya 4.1 inakataza kubadilisha mpangilio wa fimbo raundi ikiendelea.

MchangaWaNyali

Shina limetoka kwa biti ya kushoto ya milimita 3, baada ya solda ya pili. Hesi inaonekana nzima, kuna vumbi la kutu na mabaki ya buluu. Kabla sijafunga skrubu mpya: nipake grisi ya shaba isishike tena? Na nikaze kiasi gani?

FundiJiliwa

Hongera. Safisha hesi kwa tapu ya M5 ukiizungusha kwa vidole tu, halafu pulizia hewa. Mimi ningepaka grisi ya shaba kidogo sana kwenye meno mawili ya mwanzo, kwa kuwa uko pwani.

BiKereza

Hapo simo, FundiJiliwa. Kizito cha draiva kinapigwa mtikisiko mkali kila mpira unapoguswa. Skrubu yenye grisi inalegea, na mkazo uleule wa funguo kwenye hesi yenye grisi unaivuta skrubu zaidi kuliko kwenye hesi kavu. Futa kila kitu kwa spiriti na pamba, usubiri ikauke, weka tone moja dogo la gundi ya hesi ya buluu katikati ya meno. Inazuia kulegea na papo hapo inajaza nafasi ambayo maji ya chumvi yangepita. Ya nyekundu usiisogelee. Hiyo inataka nyuzi 250 kufunguka, na kichwa chako hakina uvumilivu huo.

Kukaza: tumia funguo iliyokuja na draiva, ile inayolia. Nyingi zinalia kwenye paundi-inchi 40, sawa na nyutoni-mita 4.5. Ikilia mara moja inatosha, usirudie mara ya pili na ya tatu "kuhakikisha", maana huko ndiko skrubu zinakokatikia. Kama funguo asilia imepotea, nunua nyingine yenye kipimo. T25 ya kawaida yenye mkono wa sentimita 10 inafika nyutoni-mita 4.5 kwa nguvu ya kilo nne na nusu tu kwenye ncha. Kidole kinapita hapo bila wewe kujua.

Na skrubu mpya uliza kama ipo ya titani kwa modeli yako. Kutu haitakuwepo tena, ila titani kwa titani ikisuguana kavu hutafunana na kukwama, kwa hiyo hiyo gundi ya buluu inakuwa ya lazima.

Shimo19

Na kama hesi ingekuwa imeliwa?

BiKereza

Kiingizo cha waya wa msokoto cha M5: unatoboa 5.2, unapitisha tapu yake maalumu, unaingiza waya, unavunja ulimi wake na kuutoa kwa koleo jembamba. Lakini pima kwanza ukuta uliobaki kuzunguka tundu. Ukiwa chini ya milimita 1.5, kilichobaki ni kukigandisha kizito kwa epoksi na kukubali kwamba hakitahama tena.

MchangaWaNyali

Haikufika huko. Gundi ya buluu imewekwa, imelia mara moja. Naiacha saa 24 ishike.